Bega la Kulia, Mwaka wa Kumi na Tatu

Kijana wa Bombo ameketi sebuleni kwangu,
Ngamiani, Barabara ya Kumi na Sita,
fomu gotini, kifuniko cha kalamu mdomoni.
Ananiita mama, na tumepishana miaka minane tu.
Ametumwa awasake wote tuliotobolewa mwaka ule.

"Tangu upasuaji, bega limetoka mara ngapi?"

Sifuri. Andika, na uikoleze wino.
Kabla ya hapo lilikuwa la Kitanga hasa:
waja leo, waondoka leo.
Lilianza uwanja wa Bandari, robo ya mwisho,
Riziki Semboja aliponivuta mkono niko hewani
na mpira umeshanipita.
Likatoka nikianika shuka.
Likatoka nikipiga chafya.
Likatoka usingizini, nikaamka
na mkono wa mtu mwingine kitandani.
Shangazi Mwanakombo ndiye aliyelirudisha:
kisigino chake kwapani mwangu,
mkono akiuvuta kama kamba ya kisima,
huku akinipa umbeya wa harusi ya watu
ili nisahau kupiga kelele.
Mara kumi na moja. Ya kumi na mbili akaketi, akahema:
"Mwanangu, hili si bega. Ni mlango usio na komeo."

"Makovu?"

Matatu, kila moja punje ya mchele.
Niliporudi kutoka Dar na plasta tatu
mtaa mzima ulijua nimetapeliwa.
Minazi ya Pongwe imeuzwa,
na kilichonunuliwa ni vitundu vya kupitisha njugu!
Mama mkwe alinizunguka mara mbili:
"Sasa hao waliingilia wapi?"

Waliingia na kamera nyembamba kama mrija,
wakakuta ukingo umechanika,
wakaushona kwenye mfupa kwa nanga tatu.
Daktari alisema nanga zenyewe huyeyuka,
miaka miwili, mitatu, zinageuka mfupa.
Basi nanga zimekwisha
na chombo hakijaondoka.
Hilo usiliandike, nakuzungumzisha tu.

"Waweza kufunga… kufunga sidiria kwa nyuma?"

Maskini, ameisoma akitazama feni.
Hapana, baba. Naifungia mbele, naizungusha.
Weka "kwa shida",
ingawa shida ilikwisha zamani, sasa ni mazoea.
Ndoo? Kichwani, ndiyo. Ya mkononi naihamishia kushoto.
Kusuka? Nywele za mwanangu, naam,
ila utosini mkono unachoka,
naye amejifunza kuinamisha kichwa
kabla sijamwambia.

"Kurusha mpira?"

Nirushie hata sasa, nitaudaka.
Kuurudisha, hapo ndipo.
Mkono ukipita sikio, ukienda nyuma kidogo,
kuna kitu humo ndani kinauliza: una hakika?
Miaka kumi na tatu sijakijibu.
Nashusha mkono. Narusha kwa chini, kama mtoto.

Fomu haina kisanduku cha hilo.
Ina maumivu, sifuri hadi kumi.
Nimempa mbili. Kipupwe kikiingia, Julai, tatu,
na linakwaruza, kama mchele ambao haukuchaguliwa.
Gegedu limeanza kulika, picha imesema.
Daktari aliniambia mapema kwamba litalika;
namheshimu kwa hilo kuliko kwa zile nanga.

"La mwisho. Kuinua kitu kizito, kilo ishirini na zaidi?"

Sipendi. Nina watu wa kuniinulia.

Lakini Mfungo Tano mwaka jana, chumba cha nyuma,
tulikuwa wanawake wanne wa kumkosha Shangazi,
na mwenye nguvu wetu hakuwa amefika kutoka Muheza.
Nikapitisha mkono wa kulia chini ya mabega yake.
Nikamwinua, maji yapite mgongoni.
Nikangoja.
Nilikuwa nimezoea kungoja ule mlio.
Ubani ukafuka, mtu akamimina, akamimina tena,
na bega likakaa mahali pake
na yeye akakaa juu yake,
mwepesi kuliko nilivyodhani.

Andika ndiyo.
Chai yako inapoa.