Barua Yenye Tarehe

Meza ya cherehani ya mama sasa ndiyo ofisi.
Nimeiondoa mashine, nimeweka kompyuta,
ila kanyagio limebaki chini,
na mguu wangu hulikanyaga pasipo kujua,
nashona hewa.

Mtongwe, saa mbili kasorobo. Naingiza hati za forodha:
makontena kumi na manne ya vigae, mawili ya mitumba,
moja la barakoa, limezuiliwa, halina stakabadhi.
Yote nayaona kwa namba.

Moyoni nina mlango usiofungika vizuri.
Daktari alinichorea kwa kalamu nyuma ya cheti cha dawa:
damu hutoka, kisha hurudi
kama mgeni aliyesahau mwavuli.
Nilikuwa nipasuliwe Aprili.
Korona ikaingia, vitanda wakapewa wanaokosa pumzi,
nami nikaambiwa: utapigiwa simu.

Bi Nafula wa ofisini akanipa barua.
Ruhusa ya kufanyia kazi nyumbani
hadi tarehe thelathini Septemba.
Muhuri, sahihi, na chini kabisa: haitaongezwa.
Barua ina tarehe. Foleni haina.

Mgonjwa haulizwi uji, ndivyo tulivyolelewa.
Mimi naulizwa kila Ijumaa, tena kwa upole:
"Mejumaa, tukutegemee lini?"
Nawajibu kwa hati. Mia tatu na sita mwezi huu,
makosa mawili, yote ya Badi,
ambaye yupo ofisini.

Si kwamba ng'ambo ni mbali. Feri naijua:
kifua kwa mgongo,
watu wameshusha barakoa kidevuni
wapate kulalamikia msongamano.
Kwao ni dakika kumi.
Mimi ningezihesabu kwa wiki mbili,
nikijipima joto usiku, nikisikiliza mlango wangu.

Leo ni ishirini na nane. Nimeandika:
Siombi likizo, kazi naifanya.
Siombi pole, pole ninazo za kugawa.
Naomba tarehe ifutwe,
pawekwe maneno mawili:
hadi atakapotibiwa.

Nimetuma. Jogoo wa Bi Mwanamvua akawika,
saa nane ya mchana, bila haya.
Simu ikalia; mguu ukaruka juu ya kanyagio.

Si hospitali. Si Bi Nafula.
Ni mwenye vigae, anauliza mzigo wake umekwama wapi.
Haujakwama, nikamwambia. Upo bandarini,
ushakaguliwa, ushalipiwa, hauna kosa lolote.
Unangoja sahihi ya mtu tu.