Kesho Iko Mgongoni

Chuoni Curitiba nilifaulu vizuri.
Profesa Edeltraud alituusia: andikeni kwanza, hukumuni baadaye,
na ikiwezekana hiyo baadaye isifike.
Nikaandika. Undugu kwa pembetatu na duara,
mahari, mwiko, zawadi na deni lake.
Alama tisini na moja, na mhuri juu yake.

Kisha siku tatu za basi, na pumzi ikanikatikia
mita elfu nne juu ya usawa wa bahari,
ambako viazi hulazwa nje usiku vigande,
mchana vikakanyagwa kwa miguu mitupu hadi vitoe maji,
vikawa vyeusi, vyepesi, vya kukaa miaka.
"Hata kiazi," akasema mwenyeji wangu, Saturnina Choque,
"hufa kwanza ndipo kikadumu."
Nikaandika pembeni: *punje ya ngano.*
Nilikuwa mwepesi hivyo. Kila kitu nilikipigia mstari
kabla hakijamaliza kusema.

Jumapili ya nne mchungaji Eusebio aliniachia mimbari.
Nikachagua mbio za yule mtume.
"Yasahauni ya nyuma," nikapaza sauti, "yakimbilieni ya mbele!"
Cirilo wa redio akatafsiri kwa Kiaymara, neno kwa neno, maskini,
na kanisa likanyamaza.
Kofia za kina mama hazikutikisika.
Nikadhani ni Roho.

Baada ya ibada kitambaa kirefu kilitandikwa majanini,
kila mmoja akamwaga alichobeba:
mahindi, maharage, visamaki vya ziwani, viazi vile vyeusi.
Mikono yote mahali pamoja.
Mimi nilikuwa na sahani yangu. Nimeitoa nyumbani. Ina mfuniko.

Saturnina alisubiri nimalize kutafuna.
"Binti, umetuambia tuwasahau watoto
tuwakimbilie wafu?"

Nilicheka. Yeye hakucheka.
Akagusa jicho lake. "Hili ni nayra.
Na yaliyopita ni nayra: yako mbele, nayaona.
Mwanangu Severo yuko pale,"
akanyoosha kidole hatua mbili toka usoni,
"na kofia ya mgodi, na lile jino lililovunjika.
Kesho siioni. Kesho iko nyuma."
Akageuza bega: mjukuu amelala
ndani ya mbeleko ya mistari mistari,
anampumulia shingoni.

Mbele. Mbeleko.
Nikatafuta kalamu, nikaiacha.
Kumbe hata vinywa vyetu vilikwisha kulijua
tunaposema fulani ametangulia.
Kutangulia ni kwenda wapi kama si mbele?

Kwenye mtihani swali hilo halikuwamo.

Usiku, chini ya mablanketi matano, nilimwaza Musa
katika ufa wa mwamba, asipewe kuona ila mgongo.
Miaka yote nilimhurumia.
Nikamwaza na Neno, aliyefundishwa kutamka na mama,
miaka thelathini ya randa na mboga za jirani
kabla ya kusema, nifuateni.
Thelathini. Mimi nilisubiri Jumapili nne.

Sisemi kila desturi ni njema.
Kuna sherehe ambayo mwandaaji wake hunywa
mpaka kundi lote la llama liishe, watoto wabaki na deni.
Saturnina huikemea, kwa lugha yake,
kwa kicheko kinachouma kuliko mahubiri yangu.
Hilo nalo niliandika. Nikaliandika polepole.

Sahani nimewaachia kuku, hunywea maji.
Jumapili ya tano sikuhubiri.
Nilikaa majanini, nikaunguza vidole kwenye chungu,
mtu akacheka, nikacheka.
Ndipo Saturnina akanijia kwa nyuma, nisikoona,
akanifunga mtoto kwa fundo moja kifuani,
akaenda zake kuteka maji.

Nilisimama wima kama askari.
Mbele yangu ziwa, na makaburi yenye maua ya karatasi.
Na kesho, bila kuniuliza,
ikanilowesha mgongo.