Mkato

Oktoba, Klaksvík. Mvua haishuki hapa, inapita ubavuni
kama mtu mwenye haraka zake.
Juu ya duka la nyavu, chumba cha daftari la kondoo:
mimi Bárður, mashine inayonguruma chini ya meza,
na Hanus wa Kunoy kwenye simu.
"Nipe orodha. Kila kondoo na mama yake.
Ijumaa tunachinja, sitaki kubahatisha."

Nikaandika:
chagua jina mama kutoka kondoo.
Nikabonyeza.

Ikaja safu moja badala ya mbili,
kichwani imeandikwa mama,
na chini yake, wamejipanga, watoto.
Wanakondoo wa Mei, wanaotishwa bado na vivuli vyao,
wote wakiitwa mama.
Mama wenyewe hakuna.
Mia sita na kumi na wawili,
wamefutika kama hawakupata kuzaa.

Mkosaji nilimjua papo hapo.
Mbaazi ukikosa maua husingizia jua;
hapa kwetu mbaazi hazioti, na jua lenyewe la kukopa,
basi nikasingizia Bergen:
wale waunda programu na toleo lao jipya
walilotusukumia Jumatatu bila kubisha hodi.
Nikazima, nikawasha.
Nikachomoa waya, nikaupuliza
(upuuzi, najua, ila mkono hutafuta kazi).
Nikauliza tena, neno kwa neno,
yaani nililinakili swali lilelile na kosa lake tumboni
kisha nikashangaa jibu halibadiliki.

Saa nane usiku nikawaandikia. Kurasa mbili.
Neno "aibu" limo. "Wakulima" wamo.
"Haikubaliki" nililitumia mara tatu.
Nikaambatisha picha ya skrini,
nikazungushia duara jekundu jibu la ajabu,
na sentimita mbili juu ya duara,
wazi kama pua usoni,
swali langu.

Asubuhi likaja jibu la Ingebjørg, mstari mmoja,
halina salamu, halina kisasi:
Tazama kati ya jina na mama.

Nikatazama.
Kati ya jina na mama hapakuwa na kitu.
Uwazi tu, mweupe, upana wa punje ya shayiri.
Nilipita njia ya mkato, nikausahau mkato,
na mashine, tiifu kuliko mbwa wa Hanus,
ikasoma nilichoandika, si nilichokusudia:
lichukue jina, uliite mama.
Ikalichukua. Ikaliita.

Na mimi ni mtoto wa mikato!
Visiwa hivi kondoo hujulikana kwa sikio.
Nilikuwa na miaka saba, nimempakata mwanakondoo,
moyo wake ukinigonga mbavuni,
mama yangu Durita na kisu chake kidogo:
chale moja kushoto, nyuma ya ncha,
tone la damu, basi, nenda zako.
Asiye na chale hupanda mlimani
na kila mtu humwita wake.
"Usipokata umegawa," alisema,
akifuta kisu kwenye sketi.

Niliweka mkato. Alama ndogo, mkia umepinda.
Safu zikawa mbili.
Mama wakarudi wote, mia sita na kumi na wawili,
kila mmoja kando ya mwanawe,
wala hawakuonekana kushangaa walikokuwa.

Kuomba radhi kulinichukua muda kuliko zile kurasa.
Nilianza: "Samahani,"
nikaukodolea macho ule mkato,
jinsi ulivyokaa, jinsi ulivyosubiri,
chai ikapoa.

Mchana Hanus akapiga simu. Orodha ameipata, safi kabisa.
"Ilikuwa nini jana? Mashine?"
Mvua ikapita dirishani.
"Kulikuwa na hitilafu," nikasema.
Ya nani, sikusema.