Kizibo na Nusu

Kwa kanga, kizibo kimoja cha soda,
baruti sawa na ukingo,
na vipunje vya risasi, nusu kiganja.
Kwa ngiri, kizibo na nusu,
goroli moja iliyovikwa kipande cha kanga
(ya mama hiyo, si ya manyoya).

Risasi tuliyeyusha chubwi
za nyavu kuukuu, ufukweni Nyakaliro.
Nkwabi, baba yangu, hakuandika kitu.
Alitumbukiza mdeki,
akapima unavyochungulia mdomoni mwa gobori:
vidole vinne, haya;
vitano, chokoa, uanze upya.

Usiku kiboko alipovamia mpunga
nilishindilia vizibo vitatu.
Baba akapapasa mdeki gizani:
"Sasa hapa atakayekufa ni nani?"

Tukapiga debe hadi kulipokucha.
Mpunga ulibaki nusu.
Vidole, ishirini.