Shingo ya Chupa

Tumelipa mia mbili kila mmoja, Nekoye nusu bei,
na kijana wa langoni ametuonya tusiguse kuta.
Nimecheka moyoni. Miaka ishirini na sita
sijafanya kazi nyingine ila kugusa kuta.

Ni Jumapili. Viatu vyangu havina saruji.
Nasambu amevaa kitenge cha harusi ya dada yake,
na ziwa Elementaita limelala pale chini
likiwa na ukoko mweupe pembeni,
kama sufuria ya ugali iliyosahauliwa usiku kucha.
Harufu ya magadi. Heroe kwa mbali,
rangi iliyomponyoka mtu mkononi.

Mwelekezi wetu ni Gathiaka, shati limenyooshwa pasi.
"Hapa palikuwa ukumbi wa dansi," asema.
"Hapa ngazi. Hapa kinanda
kilichobebwa na watu kumi na wanane toka stesheni ya Gilgil."
Wageni wanatazama juu, palipokuwa na paa.
Kunguru anawatazama wao.

Mimi natazama viungo.
Mawe ya kuchongwa kwa mkono, safu juu ya safu,
chokaa na mchanga wa mto, hakuna ujanja.
Nafumba jicho moja, nanyoosha kidole gumba,
timazi ya asiye na timazi:
pembe haijapotoka hata upana wa ukucha.
Paa limekwenda. Mbao za sakafu zimekwenda kuivisha githeri ya watu.
Pembe ipo.
Aliyeijenga alikuwa fundi,
na neno hilo mimi silitoi ovyo.

"Waliomfanyia kazi," asema Gathiaka,
"walimwita Bwana Kesho,
kwa kuwa alikuwa mtu wa kuona mbali."
Kisha anashusha sauti. Hapa ndipo mia mbili zetu zilipo.
"Mkewe alilala humu siku tisa.
Ya kumi akapanda gari moshi.
Hadi leo, upepo ukitoka ziwani,
mtamsikia analia pale juu, kwenye dohani."

Na upepo, kana kwamba umelipwa, ukaja.

Sauti nyembamba, ndefu,
ya mtu anayedai kitu.
Nekoye akanishika suruali.
Mama mmoja mgeni akasahau kamera yake kifuani.

Nikahesabu safu. Ya kumi na nne,
kati ya jiwe na jiwe,
duara la kijani lisilozidi sarafu ya shilingi kumi,
limeelekea maji.

Mzee Obwaka, aliyenipa mwiko wa kwanza,
aliniambia jambo hili akiwa amelewa, nikadhani porojo:
mwenye nyumba akila jasho lako, usivunje, usitukane.
Mjengee chupa tupu ukutani, mdomo nje,
upepo unapopita.
Beba mwiko wako, nenda zako.
Deni litajisemea.

Kesho njoo.
Kesho kutwa. Jumamosi. Mwisho wa mwezi.
Jina hilo najua lilivyotungwa.
Wiki hii nimelisikia kwenye simu mara nne
kutoka Milimani, nyumba ya ghorofa mbili,
lipu ya ndani tayari,
elfu arobaini na tatu.

Sikumwambia Gathiaka.
Ana watoto, na yule bibi anayelia
ndiye anayewalipia karo.
Angalau mtu analipwa.

"Unacheka nini?" Nasambu akaniuliza.
"Ujenzi mzuri," nikasema.

Tulikula mayai ya kuchemsha chini ya mgunga.
Chumvi tulisahau nyumbani;
Nasambu akasema tuchovye ziwani, tukacheka tena.
Nekoye akamaliza soda yake,
akazunguka akitafuta pa kutupa chupa.

Lete hapa, nikamwambia.

Kule Milimani kumebaki ukuta mmoja,
wa juu, unaotazama ziwa Nakuru.
Bado sijaupiga lipu.