Kesho Yako

Duluth, saa moja jioni, na ziwa limeganda.
Kwako Iloilo ni saa tatu asubuhi ya kesho.
Liwayway, unamenya kitunguu saumu,
simu umeiegemeza kwenye chupa ya siki,
nami nauona mkono wako tu, na kisu.

Nimeufungua tena ule ukurasa. Namba ya faili naijua
kuliko namba ya nyumba niliyozaliwa.
*Linashughulikiwa.*
Mwezi wa ishirini na saba, neno lilelile,
hata nukta hawajaigusa.

Walitaka ushahidi kwamba ndoa ni ya kweli.
Nikatuma risiti ya pete, mjomba wako akicheza,
kurasa mia nne za maongezi yetu,
hata ule ugomvi wa mchele.
Sasa cheti chako cha afya kimepitwa na wakati.
Ukapigwe picha upya mapafu,
yaleyale yanayonicheka sasa hivi.

Ngoja ngoja huumiza matumbo, walisema.
Langu limeota kitambi: nakula nimesimama jikoni,
sahani moja naona haya kuiwekea meza.

Buti zako, namba thelathini na sita, zipo mlangoni
msimu wa tatu. Jana nilikuta buibui ndani, nikamwacha.
Na kila nikikwangua barafu kwenye gari
nakwangua na kioo cha upande wako.

Wao husema: subiri, kesho.
Wewe umo ndani ya kesho, umeshaionja chumvi.
Niambie basi ikoje.
Niambie kama nimo.