Thina

Inauzwa kwa lita, Barabara ya Kirinyaga,
ndani ya chupa iliyowahi kuwa ya maji.
Lebo bado imeng'ang'ania ubavuni:
mlima, na theluji kileleni.
Muuzaji huniambia, usije ukasahau ukainywa.
Tunacheka. Nalipa.

Miaka kumi na minne naipumua,
Ngara, ghorofa ya tatu,
dirisha nimelifunga kwa sababu ya vumbi,
lisije likanata kwenye rangi mbichi.
Picha zangu nimezilinda sana.

Ambutsi, aliyenifunza, alichonga brashi kwa ulimi.
Nyeupe ya zamani, ile yenye risasi,
alisema ina utamu kwa mbali,
kama maziwa ya kopo.
Mstari wake ulinyooka, huna pa kuusahihisha.
Siku hizi kikombe hukishika kwa mikono miwili
na chai humwagika vilevile.
Hatulisemi. Nampangusia meza,
tunaendelea na habari za kodi.

Daktari aliniuliza, unavuta sigara?
Sivuti.
Unakunywa?
Sinywi.
Kazi?
Nachora.
Akaandika: hana kazi.
Akanipa vidonge vya kichwa, kimoja asubuhi, kimoja jioni.

Jana, chupa mkobani, napita karibu na daraja,
kijana mmoja akanijia,
gundi yake imening'inia mdomoni
kama jino lililokataa kung'oka.
Nikaukumbatia mkoba.
Hakuutaka mkoba.
Alinusa sweta langu, taratibu, macho kafumba,
kama mtu aliyepita nje ya jikoni kwao.
"Siste," akasema, "kumbe hata wewe?"

Nilitaka kumwambia mimi ni msanii.
Neno likanizunguka kinywani,
likakosa pa kutokea.
Nikampa hamsini. Akaitazama,
akanitazama, akaniuliza kama nimekula.

Usiku nikafungua dirisha.
Vumbi la barabara likaingia bila hodi,
likatua kwenye shavu bichi la mwanamke ninayemchora.
Sikulipangusa.
Sasa anafanana na mtu aliyetoka mahali.

Halafu nikabandua ule mlima na theluji yake.
Nikabandika karatasi, nikachora fuvu,
mtoto wa jirani asije akadhani ni maji.
Nilikaa nalo hadi saa nane, mkono ukitetemeka kidogo,
kidogo tu,
nikalitia kivuli kwenye matundu ya macho.

Asubuhi mama wa mtoto alisimama mlangoni, kaziba pua kwa leso.
Akaliangalia fuvu.
Akauliza, hilo ni shilingi ngapi?